Sauti ya Aliya Juu ya Mlango

Spika ilikuwa imefungwa kwa waya juu ya mlango wa mashine ya mawese ya Casimir, na sauti iliyotoka ndani yake ilikuwa ya Aliya, mke wa Hakimu, mmoja wa wafanyakazi wa mashine hiyo hiyo. Ilianza asubuhi mapipa ya kwanza yakiwekwa motoni, ikanyamaza jioni mashine ikioshwa. Katikati hapo haikupumzika. Ikifika mwisho inakohoa kidogo, inaanza tena.

"Ndugu mfanyakazi. Ugonjwa wa vipele unaoitwa mpox uko kati yetu. Unapita ngozi kwa ngozi. Angalia mwili wako kila siku. Ukiona kipele, usimguse mtu. Usilale kitanda kimoja na mtu, usile sahani moja na mtu. Nenda kituo cha afya. Jilinde, linda na nyumba yako."

Hakukuwa na uongo ndani ya maneno hayo. Watu wa afya waliyaandika kwa Kifaransa, wakayatia katika Kirundi, halafu wakaona kwamba pale ufukweni Rumonge na kwenye mawese wengi ni Wakongomani na Waswahili. Wakatafuta sauti. Wakaambiwa katika mtaa wa Waswahili kuna mwanamke anayeongoza kasida za akina mama, akifungua kinywa hata aliyelala anaketi. Aliya akaenda, akasoma, akalipwa, akanunua godoro la sponji. Siku godoro lilipofika Hakimu alijitupa juu yake na viatu vyake, mtoto wao Kaoutar akiwa juu ya tumbo lake, akacheka mpaka mama yake, Mariyamu, akaja kuchungulia.

"Sauti yako tunailalia," alimwambia mke wake.

Hiyo ilikuwa kabla mafuta hayajamrukia.

Pipa la kuchemshia lilikuwa na maji chini, na mafuta yakipata maji hutema. Yalimtemea Hakimu mkono wa kushoto na chini ya shingo. Alisema "ah" tu, akajifuta kwa kitambaa, akarudi kwenye kazi. Kesho yake ngozi ikainuka malengelenge madogo. Kila mtu pale alikuwa na alama kama hizo. Waliziita chanjo ya mawese, na kijana mgeni asiye nazo walimwambia bado hajaandikwa kazi.

Jephté, Mkongomani wa Uvira aliyechochea moto, ndiye aliyeanza. Alikuwa mtu wa maneno, moto wenyewe ulikuwa unamchosha kwa kunyamaza.

"Hakimu, sikiliza bibi yako. Anasema uangalie mwili."

"Hii ni mafuta. Si ulikuwepo?"

"Mimi nilikuwepo. Bibi yako hakuwepo, na ni yeye anasema."

Wakacheka wote, Hakimu naye akacheka. Alikuwa kwenye mashine ya kukamua pamoja na Swedi, kama kila siku. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mwanzo kila mmoja anasukuma mtarimbo kutoka upande wake, wanazunguka kama ng'ombe. Mashine ikikaza, wote wawili wanahamia upande mmoja, bega kwa bega, jasho la huyu linamshukia yule, ndipo mafuta ya mwisho yanatoka. Mafuta ya mwisho ndiyo faida ya patroni, mwenye mashine.

Mashine ilipokaza, Hakimu alisogea ampishe Swedi. Swedi hakuhama.

"Sukuma tu," alisema kutoka upande wake, macho yake yakiwa kwenye skurubu. "Niko hapa."

Hakimu alisukuma. Juu ya mlango mke wake alikuwa amefika kwenye sahani.

*

Jioni Aliya aliweka sinia chini, ugali katikati, ndagala, dagaa wa ziwa, na mboga ya lengalenga pembeni. Mariyamu alikuwa ameshakaa, amemweka Kaoutar katikati ya miguu yake. Hakimu alitoka kuoga na shati la mikono mirefu, ingawa joto la ziwa lilikuwa bado limekaa ndani ya nyumba. Akachukua sahani ya bati, akajikatia ugali kwa kijiko, akaenda kukaa mlangoni.

"Baba Kaoutar, iko nini huko?" Aliya aliuliza.

"Nakula."

"Sinia iko huku."

"Nimeiona."

Kaoutar alitambaa kumfuata. Hakimu aliinua miguu yake juu ya kizingiti, akaivuta kama mtu anayepisha maji, na mtoto akafika pale, akashika kizingiti peke yake.

"Mama, muchukue mutoto," alimwambia mama yake.

Mariyamu alimchukua. "Mutu anaungua mawese miaka yote, leo anakuwa mgeni," alisema, si kwa ukali. "Baba yako alikuwa na mkono kama ngozi ya kenge. Nilikuzaa namna gani?"

"Zamani hapakuwa na tangazo."

Aliya alienda akachuchumaa mbele yake. Alitaka kumshika mkono, na Hakimu akauficha nyuma ya mgongo.

"Hakimu. Ile ni ya watu wote. Si yako."

"Na mimi niko mutu."

"Mimi niliyesoma ndiye nakwambia, hayo ni ya mafuta."

Hakimu aliinua macho kwake. Haikuwa hasira. Alimtazama kama unavyomtazama mtu anayefanana na unayemjua.

"Kule unasema kutwa nzima nisiguse," alisema. "Nikifika hapa unasema niguse. Nifuate ya nani?"

Usiku huo alichukua mkeka, akaenda kulala jikoni, nje, karibu na kuni. Aliya alilala juu ya godoro jipya. Lilikuwa kubwa.

*

Alikwenda kituo cha afya mwenyewe, hakusukumwa. Muganga aliitwa Darius, kijana wa Kabezi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimwangalia mkono, shingo, viganja, kinywa, akampapasa chini ya taya kwa glavu.

"Unafanya kazi wapi?"

"Kwenye mawese."

"Basi umejibu mwenyewe. Hii ni kuungua. Huna homa, tezi hazijavimba. Rudi kwa watoto wako."

"Na kesho?"

"Kesho iko nini?"

"Kesho kikitoka kingine."

"Ukiona kingine, urudi." Nyuma ya Hakimu watu walikuwa wamepanga foleni mpaka kwenye mti wa avoka, nao muganga alishaanza kumwita anayefuata. Akamwandikia karatasi ndogo na kupiga muhuri. "Mupe patroni wako."

"Murakoze, muganga," Hakimu alishukuru.

Njiani Hakimu hakufurahi, wala hakuhuzunika. Alijaribu kufurahi, kama mtu anayejaribu kupiga chafya. Alichobaki nacho ni lile neno la mwisho, urudi.

Casimir alikuwa kwenye mizani. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, ambaye siku zote alizungumza akiangalia kitu kingine. Alikuwa amesikia kuna mashine mahali fulani imefungwa kwa sababu ya mgonjwa mmoja. Hakuuliza ni wapi. Siku ile ile aliyosikia ndipo aliponunua spika ya mlangoni.

Aliisoma karatasi bila kuishika, Hakimu akiwa ameinyoosha mbele yake kwa ncha za vidole.

"Ya lini hii?"

"Jana jioni, patroni."

"Basi karatasi ya jana inasema ya jana. Ya leo atasema nani?" Akaandika uzito wa gunia. "Sikufukuzi, Hakimu. Mimi siko mutu mubaya. Enda nyuma, ukusanye makapi. Kule uko peke yako na hewa iko ya kutosha. Malipo ni ya makapi, unajua."

Hakimu alijua. Makapi ni yale manyuzi yanayobaki mawese yakishakamuliwa, kazi ya wanawake wazee na watoto. Alikunja karatasi akaitia mfukoni. Swedi alikuwa amesimama kwenye mtarimbo na mtu mpya. Aliinama akafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

*

Nyuma ya mashine hapakuwa na mtu, lakini sauti ilifika. Ukuta ulikuwa wa matofali mabichi, na Aliya alikuwa na sauti ya kupita ukuta. Hakimu alikusanya makapi kwa uma wa miti, akayatandaza juani, akayageuza. Tangazo likifika kwenye "angalia mwili wako", alisimama, akapandisha mkono wa shati, akaangalia. Likifika mwisho alishusha. Likianza tena alingoja mpaka pale pale. Malengelenge yalikuwa yanakauka, yanaacha ngozi ya waridi. Hakuyaangalia hayo. Aliangalia mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Kwanza aliacha kuwa na hofu. Watu hudhani hofu ikiisha mtu amepona. Yeye hofu ilipoisha ilichukua na vingine. Chakula kilikuwa chakula, hakikuwa na chumvi wala hakikukosa. Aliingia ziwani kuoga jioni na maji hayakuwa ya baridi. Mariyamu alimwambia Kaoutar amesimama bila kushika kitu, akasema "sawa", kama ameambiwa duka limefungwa.

Aliya aliacha kupika mapema, akaenda kwenye mashine saa za mchana, mtoto mgongoni.

"Amahoro," aliwasalimu watu wa mashine.

"Ee, tangazo limekuja na miguu," alisema Jephté, na mtu mpya akacheka. Lakini walipomwona uso waliacha.

Alimkuta Hakimu nyuma, amesimama na mkono wa shati juu.

"Baba Kaoutar, twende nyumbani."

"Kazi haijaisha."

"Ikiisha utakuja ulale ndani?"

Ukutani sauti yake mwenyewe ilikuwa inasema usilale kitanda kimoja na mtu. Ilikuwa kubwa, imenyooka, haina shaka. Ile ya kinywani mwake ilikuwa imechoka na ilikuwa na makamasi kidogo. Alipaaza kuishinda, ikapasuka, Kaoutar akaanza kulia mgongoni.

"Usije karibu sana na mutoto," Hakimu alisema kwa upole. "Sikiliza, unasema mwenyewe."

Aliya alikwenda kwa Casimir kumwomba aizime, hata mchana tu. Casimir alikuwa anapima.

"Mama, hiyo ndiyo inalinda kazi ya watu. Nikizima wakaja wakaguzi, wewe ndiye utawalipa hawa?" Halafu, akiangalia mizani, "Na sauti ni nzuri. Wageni wote wananiuliza ni nani."

*

Ofisi ya kampeni ilikuwa nyumba ya kukodi karibu na soko. Chanceline, aliyemrekodi Aliya siku ile, alimpokea vizuri, akamletea kiti na Fanta.

"Umesikika mpaka Muhuta," alisema. "Watu wanaleta wagonjwa mapema. Umeokoa watu, dada."

"Nashukuru. Nataka niongeze neno."

"Neno gani?"

"La kurudi. Tumewaambia watu watoke. Kama una kipele, toka kitandani, toka kwenye sahani. Wakishapimwa wakaonekana wazima, tumewaambia nini?"

Chanceline alivuta faili karibu. Hakuwa mjinga wala hakuwa na roho mbaya. Alitoa maandishi kwenye faili akayasoma kwa midomo.

"Muganga ndiye anawaambia."

"Muganga anasema mara moja, mimi nasema kutwa."

"Ni kweli," alisema Chanceline. Akasoma tena. "Maandishi yanatoka juu, dada. Yamekubaliwa, siwezi kuyagusa. Hilo la kurudi nadhani liko katika awamu ya pili."

"Awamu ya pili inaanza lini?"

"Ikija pesa."

Aliya alikunywa Fanta yote kwa sababu ilikuwa imeshafunguliwa. Mlangoni Chanceline alimshika bega, akasema kama ana shida nyumbani kuna namba ya simu ya kuzungumza na mtu. Namba ilikuwa ya Bujumbura, na mtu huyo alizungumza Kirundi na Kifaransa.

*

Jioni hiyo pikapu ya kampeni, yenye spika juu, ilipita mtaani. Hakimu alikuwa amekaa jikoni juu ya mkeka wake. Aliya alikuwa amemwita mara kadhaa aje achukue chakula, na hakuinuka, kama asiyesikia. Pikapu ilipofika mbele ya nyumba, sauti ya Aliya ikasema, "Ndugu mfanyakazi, nawa mikono kwa sabuni," maana hilo lilikuwa tangazo la pili alilolisoma, la mikono. Hakimu akainuka. Akaenda kwenye jeri la maji, akanawa mpaka kwenye kiwiko, akarudi kukaa.

Mariyamu aliona. "Yule wa kwenye gari anatiiwa," alimwambia Aliya. "Wewe uliyemzalia hutiiwi. Si angekuja huyo wa kwenye gari kupika basi."

Alisema kwa kuudhika tu, akaendelea kuchambua ndagala. Aliya alisimama na mwiko mkononi mpaka ugali ukaanza kuungua chini.

Baadaye alikwenda kwa Swedi, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Mke wa Swedi alimkaribisha, na Swedi mwenyewe alitoka ndani amevaa kikoi, hakujua aangalie wapi. Kila asubuhi yeye ndiye aliyechomeka fulashi kwenye spika. Casimir alikuwa hawezi vidude hivyo.

"Shemeji," alisema Swedi kabla hajaulizwa, "ile siku sikuhama. Sijui. Mguu wenyewe ulikataa."

"Sikuja kwa hilo. Una simu ya kurekodi?"

"Iko."

"Na fulashi nyingine?"

Wakaingia chumbani, wakafunga mlango ili kuku wasisikike. Aliya alivuta pumzi kama anavyofanya kabla ya kasida, mgongo wima, kidevu juu. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili akasema haraka kama anagombana. Swedi akafuta zote mbili.

"Fanya kama ile nyingine," alimwambia. "Kama hutujui."

Hapo ndipo alipoweza.

*

Kesho yake tangazo lilianza asubuhi kama kawaida. Mapipa yalichemka, Jephté alichochea, Swedi na mtu mpya walizunguka. Nyuma ya ukuta Hakimu alipandisha shati na kushusha. Ilipokaribia saa ya kuosha mashine, Swedi alikwenda mlangoni mara moja akarudi, na spika ikakohoa, ikanyamaza kidogo zaidi ya kawaida.

"Ndugu mfanyakazi Hakimu, wa mtaa wa Waswahili, baba wa Kaoutar. Umepimwa. Muganga amesema ni mafuta. Muda wa kujitenga umekwisha. Rudi nyumbani. Ule sahani moja na watu wako. Ulale kitanda kimoja na mke wako. Mguse mtoto wako. Rudi, uijaze nyumba yako."

Mtarimbo ulisimama. Mtu mpya alibaki kinywa wazi. Sauti ilikuwa ile ile, kubwa, imenyooka, haina shaka, na ikafika mwisho, ikakohoa, ikaanza tena.

"Eh, Hakimu," Jephté aliita kupitia ukutani. "Umeitwa. Na kitanda kimetajwa, usichelewe." Akacheka peke yake. Halafu akasema kwa sauti nyingine, "Enda, kaka. Mimi nitaokota hayo makapi."

Casimir alitoka kwenye mizani. "Kuna nini? Mbona mumesimama?"

Swedi alikuwa anafuta skurubu kwa kitambaa, anaifuta mahali pamoja.

"Ni tangazo, patroni," alisema.

Casimir aliinua kichwa, akasikiliza, au alifanya kama anasikiliza. Sauti ya mwanamke, ndugu mfanyakazi, muganga, kujitenga, sahani, kitanda. Alikuwa ameisikia kutwa nzima tangu ainunue, na hakuwahi kuisikiliza hata siku moja.

"Basi liacheni," alisema. "Osheni mashine."

Hakimu alitokea pembeni mwa ukuta, uma mkononi. Alisimama chini ya mlango, uso juu, mpaka maneno yakafika mwisho mara nyingine. Akaegemeza uma ukutani. Swedi aliacha kitambaa, akaja, na walipopishana mlangoni hakukwepa, bega lake likagusa la Hakimu. Hakimu akashika njia.

*

Aliya alimwona akiingia uani. Hakumkimbilia. Sinia ilikuwa chini, Mariyamu ameshakaa. Hakimu alinawa, akaingia, akakaa mahali pake pa zamani. Akapandisha mikono ya shati. Alama zilikuwa zimebaki madoa mepesi, ungeweza usiyaone. Akanyoosha mkono, akamega ugali, akachovya palipo mbele yake. Alikula kama mtu anayefuata maelekezo, tonge baada ya tonge, na Mariyamu akamsogezea ndagala bila kumtazama.

Aliya alimtazama akitafuta kama amerudi. Hakuona. Aliona mtu anayekula.

"Tangazo la leo ni la leo," Hakimu alisema, akiangalia sinia. "Na kesho?"

"Kesho litapigwa tena."

"Saa ile ile?"

"Saa ile ile. Swedi ameahidi."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa zamu yake.

Kaoutar alikuwa ameshika ukuta. Aliachia, akasimama, akapiga hatua zisizo na mpango, akamwangukia baba yake kwenye mkono wa kushoto. Hakimu alikaza. Macho yake yalikwenda mlangoni, juu, mahali ambapo kwenye nyumba yao hapakuwa na kitu. Akangoja. Halafu akamwinua mtoto kwa mikono yote miwili, akamshika kama unavyoshika sufuria ya mafuta ya moto, mbali na kifua, mikono imenyooka. Kaoutar alining'inia hapo akirusha miguu, akidhani ni mchezo.

Mikono ilianza kuelemewa na uzito. Ikajikunja kidogo, mtoto akakaribia kifua.

Aliya alikuwa na maneno mengi kinywani. Aliyameza yote, ili asiharibu.